Gauni Lenye Madoa Mawili

Kwa Dobi kazi ilianza kabla ya chai. Kwanza alijaza maji mabeseni matano yaliyopangwa uani. Kisha alichambua nguo: nyeupe huku, za rangi kule, na zenye madoa peke yake. Dobi lilikuwa jina la kazi yake tu, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watu waliosoma naye darasa moja.

Kazi hiyo aliachiwa na marehemu mama yake. Aliachiwa meza ya kupigia pasi, aliachiwa wateja, na aliachiwa sheria moja. "Doa kwanza, kufua baadaye," mama alikuwa akisema. Nguo yenye doa haitupwi majini hivi hivi. Kwanza doa litoke, ndipo nguo ifuliwe. Dobi aliishika sheria hiyo miaka yote, na haikumwangusha hata siku moja.

Aliachiwa pia mdogo wake wa kiume. Huyu watu walimwita Mstari, kwa sababu ya suruali alizozipiga pasi. Mstari wake ulinyooka kutoka kiunoni hadi chini bila kupinda. Wateja walimtania, "Mstari, punguza makali, nitajikata!" Naye alicheka, maana enzi hizo alikuwa mtu wa kucheka.

Alipofika miaka ishirini na mitatu, mambo yalibadilika. Alianza kusikia watu wakimsema mahali pasipo na mtu. Alikuwa akisimama na pasi mkononi, anajibu ukuta. Hospitali walimpa dawa, akapata nafuu. Baadaye akaanza kunywa pombe, na pombe ikamshika hasa. Daktari mmoja akasema, "Aache pombe kwanza, ndipo mrudi." Nyumba moja ya kuwasaidia walevi ikasema, "Hatupokei mtu mwenye maradhi ya akili. Akatibiwe kwanza." Huku kwanza, kule kwanza! Dobi alitembea mpaka soli za viatu zikaisha, na mgonjwa wake akabaki nyumbani.

Siku moja Mstari aliunguza shati la mteja. Dobi akamnyang'anya pasi. Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, Mstari alikaa uani kwenye kigoda chake, akitoa madoa tu.

Jumapili moja alikuja mjomba wao, kaka wa mama yao. Mjomba alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na maumivu ya mgongo. Alisimama uani, akamtazama Dobi. Mstari alikuwa hatua tatu kutoka pale.

"Shikamoo, mjomba," alisema Mstari.

Mjomba hakuitikia. "Huyu bado tu?" alimuuliza Dobi.

"Bado, mjomba."

"Jana wamemwokota kwenye mtaro. Mtaro! Mtoto wa dada yangu! Basi mimi nimeshakata shauri. Jumamosi nakuja na gari. Kuna mzee mmoja ana uwanja wake nje ya mji. Watu kama huyu anawafunga mpaka maradhi yanawatoka."

"Anawafunga na nini?"

"Na minyororo. Au ulidhani anawafunga na utepe?"

Dobi alimtazama mdogo wake. Mstari alikuwa ameinama juu ya beseni, anasugua gauni jeupe la nesi mmoja mteja wao. Alisugua vile vile, wala hakuinua kichwa.

"Nipe hizi siku sita, mjomba," Dobi alisema. "Nitamwachisha pombe mwenyewe."

"Wewe? Haya, tuone. Jumamosi saa nne niko hapa."

Mjomba alipoondoka, Dobi alikaa akashika tama. Siku sita! Afanye nini? Ndipo akaikumbuka sheria ya mama. Doa kwanza, kufua baadaye. Pombe ndiyo doa, aliwaza. Nikiitoa pombe kwanza, ugonjwa wa akili tutaushughulikia baadaye. Tena jirani alishamwambia kwamba vidonge juu ya pombe ni sumu tupu. Maskini Dobi, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alitumia akili ya kazi yake, kazi ambayo aliiweza kuliko wote.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwenye chumba cha mdogo wake.

"Nitakufungia humu mpaka Jumamosi," alisema. "Hakuna pombe hata tone. Na dawa nipe, nitakuwekea mpaka mwili usafike."

Mstari alimtazama kwa muda mrefu. "Funga tu, dada. Sitaki kwenda kwa huyo mzee."

Dobi alifunga mlango kwa kufuli. Vidonge alivificha ndani ya kopo la vifungo. Kisha alikwenda kufua, machozi yanamdondokea ndani ya beseni la mashuka.

Jumanne Mstari alianza kutetemeka. Alitokwa na jasho mpaka godoro likalowa. Dobi alimpelekea uji, lakini kijiko kilimshinda kushika. "Yanamtoka," Dobi alijiambia. "Vumilia, mdogo wangu, yanakutoka."

Jumatano asubuhi Mstari alipiga kelele. Aliona sisimizi wakitoka kwenye ukuta, wengi, wakimpanda miguuni. Hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Alimwita mama yao, ambaye alikuwa kaburini miaka saba. Dobi alisimama nje ya mlango, amejishika kichwa.

Wakati huo huo nesi alifika kuchukua gauni lake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, asiye na haraka. Alisikia kelele.

"Nani huyo, Dobi?"

"Ni mdogo wangu, nesi. Nimemwachisha pombe. Leo siku ya tatu, hajaonja!" Dobi alisema kwa fahari kidogo.

"Alikuwa anakunywa kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Na dawa zake za hospitali?"

"Nimezificha. Si lazima pombe itoke kwanza?"

Nesi aliweka mkoba wake chini. "Fungua mlango, Dobi. Sasa hivi."

Dobi alifungua kufuli. Nesi hakuingia moja kwa moja. Alisimama mlangoni, akasema taratibu, "Habari ya asubuhi, kaka. Mimi ndiye mwenye lile gauni lenye madoa. Naomba niingie. Naweza kukushika mkono?"

Mstari alitikisa kichwa kukubali. Nesi aliingia, akampima mapigo ya moyo, akamgusa paji la uso. Dobi aliduwaa. Alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimwomba Mstari ruhusa ya jambo lolote. Hakukumbuka.

"Tafuta gari," nesi alisema. "Hii ni ya hospitali, haina kusubiri. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, ukimkatia ghafla, mwili unashtuka. Anatetemeka, anaona vitu visivyokuwepo. Anaweza kuanguka kifafa. Anaweza kufa, Dobi. Pombe ya namna hii huachwa kwa kusaidiwa na wahudumu wa afya, kwa dawa, huku mtu anaangaliwa."

Dobi alikaa chini pale pale sakafuni. "Nimemuua! Jamani, nimemuua mdogo wangu kwa mikono yangu!"

"Hujamuua. Ulitaka kumsaidia, ila hakuna aliyekuonyesha njia. Inuka, utalia tukifika. Leta na dawa zake, daktari azione."

Dobi alikimbilia kopo la vifungo. Walipata teksi, na njia nzima Mstari alimshika nesi mkono.

Siku mbili za kwanza hospitalini zilikuwa ngumu. Ijumaa asubuhi Mstari aliamka ametulia. Alikula mkate na kuomba mwingine. Daktari wa wodi ile, mama wa makamo mwenye miwani, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Nesi alisimama kando.

"Unajisikiaje leo?" daktari aliuliza.

"Anajisikia vizuri," Dobi alijibu. "Amekula mikate miwili."

"Usingizi ulikuwaje?"

"Amelala vizuri, ila alikoroma kidogo."

Daktari alitabasamu. "Dada, samahani. Nimemuuliza yeye."

Dobi alifunga mdomo. Uso ulimwaka kwa aibu.

Kisha Mstari alisema, "Usingizi ulikatikakatika. Lakini sisimizi wamekwenda."

"Na sauti?"

"Sauti zipo. Hizo ni za siku zote."

"Ukinywa pombe, sauti zinakuwaje?"

Mstari alishusha macho. "Nikinywa, wananyamaza. Saa moja, saa mbili. Napumzika. Halafu wanarudi na hasira kuliko mwanzo. Basi nanywa tena."

Dobi aligeuka kumtazama mdogo wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Mstari! Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada. Uliniuliza nimekunywa glasi ngapi."

Maneno yale yalimwingia Dobi mpaka kwenye mifupa.

Daktari alieleza kwa upole. "Una magonjwa mawili, kaka, na yote mawili yanatibika. Moja linakufanya usikie sauti. La pili ni mazoea ya pombe ambayo yameugeuza mwili wako, hata ukitaka kuacha unashindwa. Huo nao ni ugonjwa. Si ukosefu wa adabu. Haya mawili yanalishana. Tukitibu moja tukaliacha jingine, lile lililobaki litalirudisha la kwanza. Hapa tunayatibu pamoja, na wahudumu ni wale wale."

"Lakini mwaka juzi tuliambiwa aache pombe kwanza," alisema Dobi.

"Najua. Wengi wameambiwa hivyo, na wengi wamepotea njiani. Nawaombeni radhi kwa hilo."

Mstari alikuwa anamtazama nesi. Ghafla alitabasamu. Dobi hakuwa ameliona tabasamu lile kwa miaka.

"Daktari, mimi ni mtu wa madoa," Mstari alisema. "Wiki iliyopita huyu nesi alituletea gauni. Lilikuwa na damu na grisi, mahali pamoja."

"Fundi wa magari aliumia, nikambeba," nesi alieleza.

"Ehe. Sasa grisi inataka maji ya moto. Lakini ukiweka ya moto, damu inaiva humo, haitoki tena. Ukiweka maji ya baridi matupu, grisi inaifunika damu, nayo haitoki. Kwa hiyo unachukua maji ya baridi na sabuni, unayashika yote mawili kwa mara moja. Na hutumii brashi. Unatumia vidole, polepole. Ukisugua kwa nguvu unatoboa kitambaa."

"Yalitoka?" daktari aliuliza.

"Yametoka yote. Gauni lenyewe nimelivaa, hili hapa," nesi alisema, akageuka ili waone. Gauni lilikuwa jeupe pe.

Dobi aliona sheria ya mama yake imemgeukia. Hata kwenye nguo kumbe kuna siku haitoshi! "Kwa hiyo mimi nilikuwa nashughulika na doa moja," alisema polepole.

"Ndiyo, dada," Mstari alisema. "Na kitu kingine. Watu wote mnazungumza habari za doa. Mjomba, jirani, hata wewe. Mimi siyo doa. Mimi ni shati."

Nesi alicheka, daktari akacheka, na Dobi akacheka huku analia. Alimshika mdogo wake mkono. "Nisamehe, shati langu," alisema.

Jumamosi saa nne kamili gari la mjomba lilisimama mbele ya duka lao la kupokelea nguo. Dobi alikuwa peke yake mezani. Kwenye kiti cha nyuma cha gari aliona kamba nene, mpya, imekunjwa vizuri.

"Yuko wapi?"

"Shikamoo, mjomba. Yuko hospitali. Na kwa yule mzee haendi."

"Unasemaje?"

"Haendi. Ni mgonjwa, anatibiwa. Magonjwa mawili, yote kwa pamoja."

Mjomba alivimba. "Mimi ni kaka wa mama yako!"

"Ndiyo. Na yeye ni mtoto wa dada yako. Ile kamba ulimnunulia nani, mjomba? Mbuzi?" Dobi hakuwahi kumjibu mjomba hivyo tangu azaliwe.

Mjomba alipanda gari, akabamiza mlango. "Likikushinda, usinipigie simu!" Akaenda zake.

Baada ya wiki mbili Mstari alirudi nyumbani. Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Kila asubuhi alimeza dawa pamoja na chai, mwenyewe, kutoka kwenye pakiti yake. Kila Jumanne alikwenda kliniki. Pale alikutana na wenzake wenye shida kama yake: mwalimu mmoja, dereva mmoja, mama mmoja muuza mboga. Walikaa duara, wakazungumza, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Wiki ya tatu Mstari aliomba pasi. Dobi alisitasita. Halafu akamletea fungu la leso.

"Leso, dada?" Mstari alishika kiuno. "Leso? Mimi?"

Dobi alikumbuka alivyoambiwa na nesi: muulize mwenyewe anachoweza. "Haya, bwana. Unaweza nini?"

"Leo mashuka. Dawa bado inanilegeza mikono kidogo. Nikiona nimechoka nitakuambia. Suruali, mwezi ujao."

Na mwezi uliofuata alipiga suruali.

Mwezi wa tano tangu atoke hospitali, aliteleza. Alirudi nyumbani mchana anapepesuka, ananuka pombe. Dobi alikuwa na maneno yote ya zamani mdomoni, yamejipanga tayari. Mlevi wee! Huna haya! Kazi yangu yote bure! Aliyameza. Alimpa maji. Alikaa naye, akamsikiliza. Asubuhi walikwenda kliniki wote wawili.

Mstari alidhani atafukuzwa. Daktari alisema, "Umefanya vizuri sana kurudi. Tuambie ilikuwaje." Dawa hazikusimamishwa, ila dozi ilibadilishwa kidogo. Waligundua kwamba sauti zilikuwa zimepanda siku mbili kabla, naye akanyamaza kwa kuogopa kumchosha dada yake.

Tangu hapo waliwekeana desturi yao. Mstari akiamka vibaya, alisema waziwazi, "Leo wanasema."

Dobi aliuliza, "Kwa sauti kubwa au ndogo?"

Zikiwa ndogo, alifungua redio na kazi ikaendelea. Zikiwa kubwa, Dobi aliacha mabeseni kama yalivyo, wakaenda kliniki bila kungoja Jumanne.

Mwezi wa tisa, Ijumaa mchana, mjomba alikuja. Alikuwa amebeba koti jeusi begani. Binti yake alikuwa anaolewa kesho yake. Dobi alikuwa anahesabu mashuka kwenye kaunta. Mstari alikuwa mezani na pasi, mvuke unapanda usoni kwake.

"Shikamoo, mjomba," Mstari alisema.

Mjomba alimgeukia Dobi. "Huyu anaendeleaje?"

"Si huyo hapo?" Dobi alisema, bila kuinua macho kwenye mashuka. "Muulize mwenyewe."

Pasi ilifoka kidogo. Mjomba alikohoa, akahamisha koti kutoka bega moja kwenda jingine. Kisha akamtazama mpwa wake usoni.

"Marahaba," alisema. "Mjomba, unaendeleaje?"

Mstari alisimamisha pasi. "Naendelea. Leo wanasema kidogo, chini chini. Dawa nimekunywa. Pombe sijagusa mwezi wa nne huu. Na wewe, mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo?" Mjomba alishangaa. "Mgongo... unaniuma kila siku. Hakuna anayeniuliza."

"Lete koti."

Mjomba aliiangalia pasi, akamwangalia Mstari. Halafu akamkabidhi koti, mkononi mwake. Mstari alitandaza kitambaa chenye unyevu juu yake, akaanza na kola, kisha mabega, kisha mikono. Alipomaliza, koti lilionekana kama limetoka dukani.

Mjomba alilipitishia vidole. "Kesho nakuja na gari," alisema.

Dobi aliacha kuhesabu. Mstari naye alisimama tuli.

"Nakuja kuwachukua," mjomba alisema haraka. "Harusini. Wote wawili."

"Kutakuwa na pombe?" Mstari aliuliza.

"Itakuwepo. Lakini kwenye meza yangu haitawekwa. Utakaa kwenye meza yangu."

Kesho yake saa nne kamili gari lilisimama pale pale. Mstari alitoka na shati jeupe na suruali yenye mstari wake. Alishika kitasa cha mlango wa nyuma.

"Wewe, njoo mbele," mjomba alisema. "Kando yangu."

Basi Mstari alikaa mbele. Dobi alifungua mlango wa nyuma, akakaa mahali ilipokuwa kamba.